Sauti, Mwigizaji na Mhusika: Kazi ya June Spencer katika Tamthilia ya Redio ya The Archers

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya redio ina sifa moja inayoitenga na tamthilia ya jukwaani, filamu na televisheni: mhusika wake hana mwili. Msikilizaji haoni uso wake, mavazi yake wala mwendo wake. Anachopewa ni sauti, na pamoja na sauti hiyo maneno ya wahusika wengine wanaomwita, wanaomjibu na wanaomtaja. Kutokana na hali hii huzuka swali ambalo mwanafunzi wa fasihi na wa isimu hana budi kulikabili: mhusika wa redio yuko wapi hasa? Je, yumo katika sauti ya mwigizaji, kiasi kwamba sauti hiyo ikiondoka naye hutoweka? Au yumo katika semi za wenzake, kiasi kwamba sauti yoyote inayofaa yaweza kupewa jina lake?

Swali hili ni vigumu kulijibu kwa kutazama michezo mifupi ya nusu saa, ambayo huanza na kumalizika kabla uhusiano wa sauti na mhusika haujapata nafasi ya kujaribiwa. Unahitajika mfano wa muda mrefu, ambamo mwigizaji mmoja ameishi na mhusika mmoja katika hali mbalimbali. Mfano wa namna hiyo unapatikana katika kazi ya mwigizaji wa Kiingereza June Spencer, aliyeigiza nafasi ya Peggy katika mchezo wa The Archers wa BBC tangu vipindi vya majaribio vya mwaka 1950 hadi alipostaafu mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 103, ingawa si bila kukatiza.

Makala haya yanadai kwamba mhusika wa redio husimama juu ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni usemaji, yaani mhusika kusikika akisema kwa sauti yake. Nguzo ya pili ni utajwaji, yaani mhusika kuitwa na kuzungumzwa na wengine. Kazi ya Spencer inafaa kuchunguzwa kwa sababu ndani yake kila nguzo ilijaribiwa kwa zamu yake. Baada ya kueleza mazingira ya mchezo na maisha ya mwigizaji, makala yatachambua majaribio hayo, kisha yatatazama yana maana gani kwa utafiti wa tamthilia ya redio ya Kiswahili.

2.0 Mazingira ya Mchezo

The Archers ni mchezo uliozaliwa na njaa. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, Uingereza iliendelea kugawa chakula kwa vipimo, na mgawo huo haukukoma kabisa hadi mwaka 1954. Serikali ilitaka wakulima wazalishe zaidi na wakubali mbinu mpya za kilimo. Vipindi vya mafunzo vilikuwapo redioni, lakini wakulima wengi hawakuvisikiliza. Mwaka 1948, katika mkutano wa BBC na wakulima uliofanyika Birmingham, mkulima mmoja alipendekeza utungwe mchezo wa kilimo wenye mvuto sawa na ule wa Dick Barton, mchezo wa ujasusi uliopendwa sana wakati huo. Godfrey Baseley, mtayarishaji wa vipindi vya kilimo, alilichukua wazo hilo akalifanyia kazi. Waandishi wa kwanza, Edward J. Mason na Geoffrey Webb, walikuwa wale wale waliokuwa wameandika Dick Barton.

Vipindi vitano vya majaribio vilirushwa katika eneo la kati la Uingereza kuanzia tarehe 29 Mei 1950. Tarehe 1 Januari 1951 mchezo ulianza kusikika nchi nzima, kipindi cha dakika 15, siku tano kwa juma. Mahali pa mchezo ni Ambridge, kijiji cha kubuni kilichomo katika mkoa wa kubuni wa Borsetshire. Wizara ya Kilimo ilishirikiana na watungaji, na maelezo juu ya magonjwa ya mifugo, mbegu na zana yalipenyezwa ndani ya mazungumzo ya jikoni na ya baa. Jukumu hilo rasmi la kuelimisha lilikoma mwaka 1972, lakini mchezo wenyewe uliendelea, na leo unahesabiwa kuwa tamthilia iliyodumu kuliko zote duniani.

Nguvu ya mchezo huo juu ya wasikilizaji ilidhihirika mapema. Tarehe 22 Septemba 1955, usiku ule ule ambao televisheni ya kibiashara ilianza nchini Uingereza, mhusika Grace Archer aliaga dunia kutokana na moto katika zizi la farasi. Watu waliomboleza kana kwamba wamefiwa na jirani. Tukio hilo hutajwa mara nyingi kama mfano wa ushindani baina ya vyombo vya habari. Kwa makala haya umuhimu wake ni mwingine: linathibitisha kwamba mhusika asiye na mwili anaweza kufa, na msikilizaji akakiona kifo hicho kuwa cha kweli.

3.0 Maisha na Kazi ya June Spencer

June Spencer alizaliwa tarehe 14 Juni 1919 katika mji wa Nottingham. Alianzia jukwaani, na mwaka 1943, vita vikiwa bado vinaendelea, akaanza kazi ya redio katika BBC. Studio ya wakati ule ilikuwa shule ngumu. Michezo mingi ilirushwa moja kwa moja, hivyo kosa lililofanyika halikuwa na marekebisho. Mwigizaji alisoma kutoka kwenye karatasi aliyoishika mkononi, akalazimika kuifunua bila kishindo, na akapima umbali wake na kipaza sauti ili msikilizaji ajue kama mhusika yu karibu, yu mlangoni au anaondoka. Ujuzi huo unaonekana mdogo, lakini ndiyo sarufi ya mahali katika redio: hatua moja mbele au nyuma hufanya kazi ambayo katika lugha hufanywa na viambishi vya mahali.

Vipindi vya majaribio vya mwaka 1950 vilipoandaliwa, Spencer alipewa nafasi ya Peggy, mke wa Jack Archer. Peggy alibuniwa kuwa mtu wa kuja. Alizaliwa mashariki ya London, alitumika katika jeshi la wanawake wakati wa vita, kisha akaolewa katika ukoo wa wakulima wa Ambridge. Mumewe alikuwa mtu asiyetulia katika kazi na aliyeshindwa na pombe. Baa ya kijiji iitwayo The Bull ilikuwa mikononi mwao, na mzigo wa kuiendesha ulimwelemea mke. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo Spencer alicheza pia nafasi ya Rita Flynn, msichana wa Kiairishi. Mwigizaji mmoja alitakiwa awe na lafudhi mbili katika mchezo mmoja, na msikilizaji asitambue kwamba kinywa ni kimoja.

Mwaka 1953 Spencer aliiacha nafasi ya Peggy ili awalee watoto ambao yeye na mumewe, Roger Brocksom, walikuwa wamewaasili. Nafasi hiyo ilichukuliwa na mwigizaji Thelma Rogers. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Rogers alipoondoka, Spencer aliirudia, na tangu hapo hakuiacha tena kwa takriban miaka 60. Katika kipindi hicho Peggy alifiwa na Jack Archer mwaka 1972, akafanya kazi na tajiri Jack Woolley, mwenye hoteli ya Grey Gables, na mwaka 1991 akaolewa naye. Watoto wake watatu, Jennifer, Lilian na Tony, walikua na kupata watoto na wajukuu, na Peggy akawa nyanya mkuu wa ukoo.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka 1991 Spencer alipewa nishani ya OBE, na mwaka 2017 akapewa ya CBE, iliyo juu zaidi. Mwaka 2010 alitoa kitabu cha maisha yake kiitwacho The Road to Ambridge. Norman Painting, aliyemwigiza Philip Archer tangu mwaka 1950, alipofariki mwaka 2009, Spencer alibaki peke yake miongoni mwa waigizaji wa kwanza. Sauti yake ilisikika kwa mara ya mwisho katika kipindi cha tarehe 31 Julai 2022. Alifariki tarehe 8 Novemba 2024 akiwa na umri wa miaka 105.

4.0 Jaribio la Kwanza: Mhusika Mmoja, Sauti Mbili

Kama mhusika wa redio angekuwa ni sauti tu, Peggy angekufa mwaka 1953. Hakufa. Thelma Rogers alisema kwa koo lake mwenyewe, na wasikilizaji wakaendelea kumjua Peggy kwa muda wa karibu muongo mmoja. Spencer aliporudi, badiliko la pili nalo likapokewa. Ni nini kilichomhifadhi mhusika wakati sauti ilipobadilika?

Jibu limo katika nguzo ya utajwaji. Katika kila onyesho la redio wahusika hulazimika kuitana mara nyingi kuliko watu wanavyoitana katika mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa msikilizaji hana njia nyingine ya kujua nani anasema na nani. Jina la Peggy lilitamkwa na mumewe, mama mkwe wake, watoto wake na wateja wa baa. Miito hiyo ilijenga mahali maalumu katika mtandao wa jamaa na majirani, na sauti mpya ilipoingia mahali hapo, ilipokea uhusiano wote uliokwisha kujengwa. Badiliko la mwigizaji, kwa hiyo, linafanana na badiliko la matamshi ya neno ambalo maana yake imekwisha kukaa katika jamii: sura ya sauti hubadilika, lakini maana hushikiliwa na maneno mengine yanayolizunguka.

Kiingereza hufanya kazi hii kwa majina ya watu, kwa maneno machache ya ujamaa, na kwa lafudhi, ambayo humweleza msikilizaji tabaka na eneo la msemaji. Kiswahili kina nyenzo nyingine zenye nguvu zaidi. Tazama mfano wa kubuni ufuatao:

(1) a. Shikamoo, bibi.
    b. Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako hajambo?

Katika semi mbili tu, msikilizaji wa Kiswahili amekwisha kujua kwamba wasemaji ni wawili, kwamba mmoja ni mzee na mwingine ni kijana, kwamba mmoja ni bibi na mwingine mjukuu, na kwamba yupo mtu wa tatu, mama, ambaye hayupo katika onyesho lakini ana nafasi katika familia. Hakuna msimulizi aliyehitajika. Salamu, ambayo katika tamthilia ya jukwaani yaweza kuonekana kama desturi tu, katika redio ni chombo cha kumjenga mhusika. Endapo mwigizaji wa nafasi ya bibi atabadilishwa kesho, mwito wa bibi na itikio la marahaba vitampokea mwigizaji mpya na kumkalisha mahali pa mwenzake.

5.0 Sauti Inayozeeka

Hata hivyo, itakuwa kosa kuhitimisha kwamba sauti haina uzito. Miaka 60 ya Spencer baada ya kurudi inaonyesha upande wa pili. Fonetiki imekwisha kubainisha mambo kadhaa yanayotokea katika sauti ya mwanamke anapoendelea kuzeeka: kidatu hushuka, pumzi hupungua na hivyo semi kugawanyika katika vipande vifupi, kasi ya usemaji hupungua, na uthabiti wa mtetemo wa nyuzi za sauti hulegea kiasi cha kusikika kama mtetemeko. Mwigizaji kijana anayeigiza mzee huiga dalili hizi, na mara nyingi huzidisha. Spencer hakuwa na haja ya kuiga. Alizaliwa mwaka 1919. Peggy alibuniwa kuwa amezaliwa mwaka 1924. Miaka mitano tu iliwatenga, nao walizeeka pamoja.

Kwa wanaisimu jambo hili ni hazina. Mwaka 2000 Jonathan Harrington na wenzake walichapisha utafiti uliotumia hotuba za Krismasi za Malkia Elizabeth II tangu miaka ya 1950 kuonyesha kwamba irabu za msemaji mmoja zaweza kusogea pole pole katika utu uzima wake, zikifuata mabadiliko ya jamii inayomzunguka. Utafiti wa namna hiyo hauwezekani bila msemaji mmoja, aina moja ya usemi na rekodi za miaka mingi. Vipindi vya mchezo wa redio unaodumu vinaelekea kutimiza masharti hayo. Lakini tahadhari inahitajika. Sauti ya mwigizaji ina waamuzi wawili: mwili wake na nafasi anayoigiza. Pale ambapo irabu imesogea, mtafiti hana budi kuuliza ni nani aliyeisogeza. Je, ni Spencer aliyezeeka, au ni Peggy ambaye, baada ya miongo mingi ya kukaa kijijini na kupanda daraja, amelegeza usemi wa London?

Tahadhari nyingine inahusu mtazamo wa mhusika. Wasikilizaji waliozoea sauti moja kwa nusu karne huelekea kuamini kwamba fikra za mhusika ni fikra za mwigizaji. Kanisa la Uingereza lilipoanza kuwapa wanawake ukasisi mwaka 1994, na Ambridge nayo ikapata kasisi mwanamke, Peggy aliandikwa kuwa miongoni mwa waliopinga. Msimamo huo ni wa matini, si wa koo lililoutamka. Kadiri sauti inavyodumu, ndivyo tofauti hii inavyozidi kuwa ngumu kwa msikilizaji kuishika, na ndivyo inavyozidi kuwa muhimu kwa mchambuzi.

6.0 Jaribio la Pili: Mazungumzo Yanapovunjika

Katikati ya miaka ya 2000 watungaji wa The Archers walimpa Jack Woolley, mume wa pili wa Peggy, ugonjwa wa Alzheimer. Hadithi hiyo iliendelea kwa miaka kadhaa: usahaulifu mdogo, kuchanganyikiwa, hasira zisizo na sababu, kisha kuhamishiwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Roger Brocksom, mume wa Spencer, alikuwa amefariki mwaka 2001 baada ya kuugua ugonjwa huo huo. Mwigizaji, kwa hiyo, alitakiwa kuigiza mbele ya kipaza sauti kile alichokuwa amekipitia nyumbani kwake miaka michache tu kabla.

Ni rahisi kulieleza jambo hili kwa lugha ya huruma na kuishia hapo. Lakini uzito wake wa kisanaa unaonekana zaidi likitazamwa kwa lugha ya uchanganuzi wa mazungumzo. Mazungumzo hujengwa kwa jozi: swali hudai jibu, salamu hudai itikio, na jozi ikifungwa wasemaji husonga mbele. Ugonjwa wa kusahau hauivunji jozi yenyewe. Huvunja kumbukumbu kwamba jozi imekwisha kufungwa. Tazama mfano mwingine wa kubuni:

(2) a. Mume: Leo ni siku gani?
    b. Mke: Jumanne.
    c. Mume: Ahaa, Jumanne.
    d. Mke: Kunywa chai yako, inapoa.
    e. Mume: Leo ni siku gani?

Mpaka (c) mazungumzo ni kamili. Usemi wa (e) ni sahihi kisarufi na hauna kosa lolote ukitazamwa peke yake, lakini mahali ulipokaa unafuta kila kilichotangulia. Sasa mke ana njia tatu. Anaweza kujibu tena kana kwamba hajaulizwa. Anaweza kusahihisha, akasema kwamba amekwisha kujibu. Au anaweza kunyamaza. Kila njia ina gharama. Ya kwanza inamtaka azike nafsi yake, ya pili inamdhalilisha mgonjwa, na ya tatu inakata uhusiano. Katika matini iliyoandikwa, jibu la kwanza litakuwa neno lile lile, Jumanne, lisilotofautiana hata kwa herufi na lile la (b). Tofauti yote imo katika sauti: kidatu, urefu wa kimya kinachotangulia, na kiasi cha pumzi. Subira, uchovu na mapenzi haviandikiki katika neno hilo, hutamkwa tu.

Hapa ndipo nguzo ya usemaji inapodhihirisha uzito wake. Mtandao wa miito uliotosha kumhifadhi Peggy mwaka 1953 usingetosha hapa, kwa sababu mume ndiye aliyekuwa akiupoteza mtandao huo, akisahau majina na ujamaa. Mzigo wa kumweleza msikilizaji kinachotokea uliangukia sauti ya mke, nayo ilikuwa sauti iliyojua kwa uzoefu jinsi neno moja linavyotamkwa kwa mara ya kumi. Hii haimaanishi kwamba mwigizaji asiyepitia msiba hawezi kuuigiza. Maana yake ni kwamba katika redio maarifa hayo hayana pa kuonekana isipokuwa katika viarudhi, yaani katika sehemu ile ya lugha ambayo hati ya mchezo haiandiki.

Hadithi hiyo ilikuwa na mkasa mwingine. Arnold Peters, aliyemwigiza Jack Woolley tangu mwaka 1980, naye aliugua Alzheimer, akaacha kuigiza, na akafariki mwaka 2013. Jack Woolley aliendelea kuishi katika mchezo bila kusikika hadi mhusika huyo alipofariki mwanzoni mwa mwaka 2014. Kwa muda huo wote Peggy ndiye aliyemtembelea, aliyezungumza naye na aliyemzungumzia. Mume alibaki na nguzo moja tu, na nguzo hiyo ilikuwa kinywa cha mkewe.

7.0 Jaribio la Tatu: Mhusika Asiyesema

Jambo hilo hilo lilimpata Peggy mwenyewe. Spencer alistaafu mwaka 2022, lakini Peggy hakupewa mwigizaji mwingine, wala hakuuawa papo hapo. Aliendelea kuishi Ambridge kama mhusika anayetajwa tu. Mchezo huo una desturi ndefu ya wahusika wa kimya, yaani watu ambao kila mwanakijiji huwazungumzia lakini hakuna msikilizaji aliyepata kuwasikia. Peggy, aliyekuwa msemaji tangu siku ya kwanza, aliingia katika kundi hilo. Ni mwaka 2025, baada ya mwigizaji wake kufariki, ndipo mchezo ulipotangaza kifo chake, akiwa mwenye umri wa miaka 100.

Kwa istilahi za sarufi, Peggy alihama kutoka nafsi ya kwanza na ya pili kwenda nafsi ya tatu. Msemaji husema mimi. Mwambiwa huitwa wewe. Aliye nje ya mazungumzo ni yeye. Mhusika wa jukwaani aweza kukaa kimya na bado akaonekana ameketi. Katika redio anayekaa kimya bila kutajwa hayupo. Hivyo uhai wa Peggy katika kipindi hicho ulitegemea maneno ya watu waliosema kwamba wamempelekea maua, au kwamba amelala. Hata uhai wenyewe ulikuwa ni suala la njeo:

(3) a. Bibi yuko nyumbani, anapumzika.
    b. Bibi alikuwa akipenda kupumzika nyumbani.

Kati ya (a) na (b) kuna kaburi. Msikilizaji hahitaji kuambiwa zaidi.

Jambo la kulinganisha linajitokeza hapa. Kiingereza hutofautisha jinsi katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu umoja, kwa hiyo mhusika wa kimya akitajwa tu hujulikana kama ni mwanamke au mwanamume. Kiswahili hakifanyi hivyo:

(4) Amepiga simu. Anasema hawezi kuja leo.

Kiambishi a- kinamhusu yeyote. Mtunzi wa Kiswahili anayetaka kumjenga mhusika asiyesema hana budi kutumia jina au neno la ujamaa mapema na kulirudia, au aitumie hali hiyo ya kutojulikana kwa makusudi, akimwacha msikilizaji akisie. Nafasi hiyo ya kisanaa haipatikani kwa urahisi katika Kiingereza, na ingefaa ichunguzwe katika michezo ya Kiswahili iliyokwisha kurushwa.

8.0 Maana Yake kwa Tamthilia ya Redio ya Kiswahili

Afrika Mashariki ina historia yake ya michezo ya redio inayofurahisha na kufunza. Nchini Kenya, Ushikwapo Shikamana ulianza mwaka 1987. Nchini Tanzania, iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, kwa lengo la kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na kinga ya UKIMWI. Mbinu za michezo hii zilitokana hasa na kazi ya Miguel Sabido wa Mexico, lakini lengo la kufunza kwa njia ya hadithi ni lile lile lililowakutanisha wakulima na BBC mwaka 1948. Nchini Rwanda, mchezo wa Urunana wa Kinyarwanda, ulioanza mwaka 1999, ulifuata moja kwa moja mfano wa The Archers.

Twende na Wakati umechunguzwa sana na wataalamu wa mawasiliano, kwa kuwa katika miaka yake ya kwanza haukurushwa kutoka Dodoma, na hivyo wakazi wa eneo hilo waliweza kulinganishwa na wa maeneo mengine. Tafiti hizo zilipima ujuzi, mitazamo na mwenendo wa wasikilizaji. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi kila kituo, na Tunu, mkewe anayejifunza kujitegemea, wamejadiliwa kama mifano mibaya na mizuri ya mwenendo. Lakini mifano hiyo ilikuwa kwanza kabisa sauti. Ni kwa kiimbo gani Tunu alianza kumjibu mumewe alipokwisha kupata kazi yake mwenyewe? Mkwaju aliitwaje na mkewe kabla na baada ya ugonjwa? Maswali haya ni ya mwanaisimu, na dodoso la mitazamo haliwezi kuyajibu.

Mfano wa Spencer unaelekeza kazi tatu. Ya kwanza ni kuchambua mifumo ya miito, salamu na maneno ya ujamaa katika michezo ya redio kama nyenzo za ujenzi wa wahusika. Ya pili ni kuchunguza viarudhi vya waigizaji, hasa mahali ambapo maneno yale yale hurudiwa kwa maana tofauti. Ya tatu, ambayo bila yake mbili za kwanza haziwezekani, ni kuhifadhi rekodi. BBC yenyewe haikuhifadhi sehemu kubwa ya vipindi vya miaka ya mwanzo vya The Archers, na sauti ya Peggy kijana imepotea kwa kiasi kikubwa. Shirika lenye uwezo wa namna hiyo likiwa limepoteza kiasi hicho, vituo vyenye uwezo mdogo vina sababu kubwa zaidi ya kufanya haraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hati ya mchezo ikibaki bila sauti, kinachobaki ni nusu ya mhusika.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameuliza mhusika wa redio yuko wapi. Kazi ya June Spencer imeonyesha kwamba hayuko mahali pamoja. Mwaka 1953 sauti ilibadilika, naye akahifadhiwa na miito ya wenzake. Wakati wa ugonjwa wa Jack Woolley miito ilianza kuvunjika, naye akahifadhiwa na sauti. Kati ya mwaka 2022 na 2025 sauti haikuwapo tena, naye akaishi katika vinywa vya wengine mpaka njeo ilipobadilika. Nguzo moja inaweza kumbeba mhusika kwa muda nyingine inapoyumba, lakini mhusika aliyekamilika huhitaji zote mbili.

Aidha, makala yameonyesha kwamba uigizaji wa redio ni kazi ya lugha kwa maana halisi ya neno hilo. Mwigizaji hutia katika usemi yale ambayo maandishi hayayabebi: umri, umbali, subira, uchovu. Kwa sababu hiyo, historia ya tamthilia ya redio ikiandikwa kwa majina ya watunzi na watayarishaji pekee, itakuwa imewaacha nje watu ambao bila wao wahusika wasingekuwapo. Waigizaji wakongwe wa redio za Afrika Mashariki wanastahili kurekodiwa na kuhojiwa wangali hai, na kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili kama ilivyo ya vituo vya utangazaji.